Solange, leo wanagawa watoto wako

Mkono unaandika jina lako na neno marehemu, moyo unakataa. Jana tumekuzika, na bado naangalia simu nikingoja ujumbe wako wa sauti, ule wa kunicheka.

Kwa wasiomjua: Solange alikuwa rafiki yangu na mwenzangu wa kazi. Tulipika pamoja kwenye kantini ya wafanyakazi wa kiwanda hapa Likasi, miaka mingi.

Ameacha watoto watatu: Nadège mkubwa, Héritier wa kati, na Plamedi ambaye hata shule hajaanza. Baba yao alitangulia.

Naandika haya nikiwa kilioni kwake, mtaa wa Kikula, chini ya turubai. Ndani ya nyumba wazee wanaongea nani atamchukua nani.

Upande wa baba, mtoto ni wa baba. Upande wa Solange, mtoto ni wa mjomba. Kila upande una mila yake, na mlango uko wazi, nasikia neno "kugawa". Mimi ni rafiki tu, sina kauli mle ndani.

Acha niwasimulie likizo kubwa iliyopita, maana sasa ndiyo naielewa.

Shule zilipofungwa, Solange aliomba konje, yaani likizo ya kazini. Chef, mkuu wetu wa kantini, alishangaa, kwa sababu huyu ni mtu aliyekuja kazini hata akiwa na homa.

Nilikuwa napita kwake kila nikitoka kazini zamu ya asubuhi. Baridi ikishapungua, anawaogesha wote watatu uani kwenye beseni moja. Maji yanaruka hadi kwa jirani, jirani anagomba, wao ndiyo wanazidi kucheka.

Kisha anawapaka mafuta, wanakaa juani kwenye mkeka, wanakula machungwa kwa chumvi. Plamedi analamba chumvi kwanza, chungwa baadaye.

Solange mwenyewe hagusi kitu. "Minye nilikula ku kazi," aliniambia. Kazi gani, na weye uko konje? Aliendelea kuwaangalia watoto.

Kikwembe chake kilikuwa sasa kinamzunguka mara mbili. Nilimwambia twende hospitali. "Yaya," ndivyo alivyoniita kama mkubwa wake, "acha kwanza batoto bamalize vakansi."

Mchezo wao mkubwa ulikuwa kupika. Nadège anawasha mbabula, lile jiko la makaa. Héritier anasonga bukari, ugali wetu. Plamedi anaonja sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kutia chumvi, na ole wake atakayegusa kazi ya mwenzake.

Ndivyo tunavyofanya kantini, kila mtu na posti yake. Kuna siku chef alimpeleka mwenzetu mmoja idara nyingine, hakuna aliyeijua posti yake, wanaume wa kiwandani wakala mikate mikavu mchana, na jioni yule mwenzetu akarudishwa jikoni.

Basi nikamtania. Solange, unafungua kantini nyumbani? Si umfundishe Nadège yote, msichana amekua.

Alikasirika kweli. "Hapana, yaya. Akijua yote, batamubeba yeye peke yake akabapikie. Mwenye atabeba moja, abebe bote."

Nilidhani ni maneno ya uchovu. Kumbe alishajua anakokwenda, na alikuwa anawafunga watoto wake pamoja, kama mtu anavyofunga kuni kwa kamba.

Picha niliyoweka hapa niliipiga mwisho wa likizo ile. Amewapakata wote watatu, hata Héritier ambaye miguu yake inafika chini, na vumbi la malori limeshuka uani. Wao wanacheka. Angalieni mikono yake ilivyowashika.

Shule zilipofunguliwa, hakurudi kazini.

Leo asubuhi baba mkubwa, ndugu wa marehemu mume wake, amefika kutoka Kolwezi na mke wake. Kabla hajasalimia mtu, aligeuza gari, akaliegesha likiangalia barabara, tayari kuondoka.

Mke wake alimwita Nadège mbele yetu. "Weye mukubwa, utakuya kunisaidia ku nyumba. Unajua kupika?"

"Minye ninajua moto tu, mama. Bukari ni ya Héritier. Chumvi ni ya Plamedi."

Nilishusha pumzi. Nikasema moyoni, Solange, umewaweza.

Yule mama alifikiri kidogo. "Basi bakia. Tutabeba mudogo. Mudogo anasahau mbio."

Akampa Plamedi biskuti, akamshika mkono, akamketisha garini. Mtoto aliingia akitabasamu, anadhani anatembezwa.

Nadège na Héritier wakaenda jikoni wakapika, maana wazee lazima wale. Sombe ilipoletwa, kila aliyeonja alisita.

Mjomba wao, kaka yake Solange, aliuliza chumvi iko wapi. Nadège alijibu huku anaangalia chini.

"Mwenye chumvi iko mu motokari."

Sasa wazee wameacha kula. Mjomba amesukuma sahani, anamtazama baba mkubwa. Baba mkubwa anachezea funguo za gari.

Wote hapa chini watakuandikia ulale salama, rafiki yangu, na unastahili. Mimi nakuomba ulale jicho moja tu, lile jingine libaki kwa watoto. Gari bado halijawashwa.