Kaseti ya Baba na Mvua ya Masika

Enzi zetu pale Malindi, sisi tuliokua kabla simu hazijaingia mifukoni, kitu kipya hakikuingia nyumbani kimyakimya. Baba yangu alikuwa fundi cherahani, na kila alipokwenda Mombasa kununua nyuzi na vitambaa, mimi na kaka yangu Athmani tulimngojea mlangoni, hata kama angerudi na njugu tu. Lakini masika ya mwaka mmoja wa themanini na kitu, nilipokuwa darasa la tano, alirudi na mfuko uliotuacha midomo wazi: vitabu viwili vya hadithi, vipya kabisa, na kaseti ya taarabu ya zamani.

Watoto wa leo hawajui kitabu kipya kinavyonukia. Sisi tulikinusa kwanza, ndipo tukakisoma. Mama alivivika vitabu vile magazeti, akatuonya kwamba atakayekunja ukurasa atakutana na mwiko. Asubuhi yake mvua ikashuka, si mvua ya kuchezea. Uani maji yalifika kizingitini, shuleni hakwenda mtu, na Baba hakufungua duka, maana nani angekuja kushonesha nguo siku ile? Tukakaa sebuleni, mahamri na mbaazi za nazi katikati yetu, kila mmoja na raha yake.

Nyanya, mamake Baba, alikuwa mkekani akichambua mchele kwenye ungo. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkali wa adabu. Harusini alipiga makofi mawili matatu, kisha akajifunga leso akarudi nyumbani kabla shangwe haijakolea. Kuimba hatukuwahi kumsikia, hata kubembeleza mtoto. Kwake yeye mtoto alilazwa kwa kupigwapigwa mgongoni, basi.

Baba aliitia kaseti kwenye redio, akatueleza kuwa nyimbo hizo zilitolewa kwenye santuri za zamani, za kabla yeye hajazaliwa, na waimbaji wengine hata majina yao hayajulikani. Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili. Mimi sikuwamo chumbani. Nilikuwa ndani ya kitabu, na binti wa hadithi yangu alikuwa amefungiwa ghalani. Wa tatu ukaanza kwa udi na fidla, kisha ikaingia sauti ya msichana, nyembamba, safi kama maji ya mtungini.

Nikainua macho. Mikono ya Nyanya ilikuwa imesimama juu ya ungo. Alisikiliza beti mbili, halafu akasema taratibu, kama anayesema mchuzi umezidi chumvi, "Sasa hapa pumzi itanikatika."

Na msichana wa kwenye kaseti pumzi ikamkatika. Kidogo tu, katikati ya neno, kisha akaendelea.

Athmani alibaki na hamri mdomoni. Mimi mwili ulinisisimka, nikadhani Nyanya amepandwa na kitu. Baba ndiye aliyezindukana kwanza. Aliizima redio, akamwuliza mamake huyo mwimbaji amemjulia wapi.

"Ni mimi," Nyanya akasema.

Akatueleza bila kuinua macho. Alipokuwa mwari, mjomba wake aliyepiga fidla alimchukua Mombasa kwa siri, akaimba mbele ya mashine ya santuri, jina lake lisiandikwe. Muda si mrefu akaposwa na Babu, kwa sharti kwamba mambo ya nyimbo yaishe. Yeye akakubali, na yakaisha. Kufikia siku hiyo ya mvua Babu alikuwa amekwisha fariki, lakini Nyanya ahadi aliishika vilevile.

Baba aliketi chini sakafuni. Nilijua kinachomchoma, maana sote tulikuwapo mwaka uliotangulia alipomkataza dadake, shangazi Rukia, kuingia kwenye kikundi cha taarabu, akiapa kuwa katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuimba mbele za watu. Nyanya alikuwa papo hapo, na hakufungua mdomo.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?" Baba akamwuliza.

"Nilijua ungeniangalia kama unavyoniangalia sasa."

Baba akainamisha uso. Mvua ikanyesha weee. Kisha akairudisha kaseti nyuma, akauweka tena wimbo ule, safari hii sauti juu. Mama alikuwa akilia. Vitabu vyetu vilibaki wazi mapajani, na binti wangu wa ghalani nilimsahau mpaka kesho yake.

Mvua ilipopoa, Baba alifunga safari hadi Mambrui kwa shangazi Rukia, kaseti ndani ya kanzu. Waliyozungumza siyajui. Ninachojua ni kwamba kabla ya mwaka kuisha shangazi aliimba harusini hapo mtaani, na Nyanya, yeye aliyekuwa wa kwanza kuondoka, alikaa mpaka mikeka ikakunjwa. Kuimba mwenyewe hakuimba tena, mpaka tukamzika.

Leo nina wajukuu. Mvua ikinyesha wanakaa sebule moja, watatu, kila mmoja ameziba masikio kwa visikizio na nyimbo zake, na wakinihitaji wananipungia mkono kama niliye ng'ambo ya mto. Nyimbo wanazo nyingi kuliko sisi, hilo sibishi. Lakini mimi hutazama vichwa vyao vikitikisika bila sauti, na moyo hunishtuka kila mara: tungekuwa hivyo siku ile, Nyanya angechambua mchele wake akaumaliza, akaenda kupika.