Nikolao Ang'oa Minyaa Aliyoipanda kwa Mkwewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Newala haujaachia mapaa, Nikolao anajipaka mafuta ya kula mikononi hadi viwikoni. Anavaa miwani ya mchomelea vyuma. Kisha ananyanyua kiganja, anapima upepo unakotoka, na kuupa mgongo.

"Minyaa haina miiba," anasema. "Lakini ukiikata vibaya inakutemea. Ukikosea upepo, umekwisha."

Aliwahi kukosea. Jicho lake la kushoto ni jeupe kama ganda la yai, kwa tone moja tu la utomvu.

Kwa miaka thelathini na sita, mzee huyu wa miaka sitini na moja amezungushia watu uzio wa minyaa, Newala hadi Masasi. Siku hizi anaung'oa. Kupanda mita moja alilipwa shilingi mia saba. Kung'oa analipwa elfu moja na mia tano. Kubomoa kunalipa kuliko kujenga, na kazi hiyo aliileta kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka jana mtoto wa shule alivunja tawi njiani, utomvu ukamwingia machoni. Mtaa ukaitisha mkutano. Nikolao akaitwa kama mtu mwenye kuijua minyaa.

"Waliniuliza kama ni kweli inapofusha. Nilivua miwani tu."

Mikono ikanyooshwa. Kanuni ikapita: uzio wa makazi ukae mita moja na nusu kutoka ukingo wa barabara, usizidi mita mbili kwenda juu, na minyaa yote ya kandokando ya njia iondolewe. Nikolao alipiga makofi pamoja na wenzake. Hakukumbuka kaburi la mkewe.

Uzio anaoung'oa leo ndio wa kwanza kuupanda maishani. Alikuwa kijana, ametoka Lupaso kuja kumposa Veridiana. Kwa desturi ya familia hiyo, mume ndiye anayehamia kwa mama wa mke, na kabla ya kupewa mke huonyesha kwanza mikono yake. Wengine walilima. Yeye alikata matawi ya minyaa, akayaanika kivulini siku mbili utomvu ukauke, akayachimbia hatua kwa hatua kuizunguka nyumba nzima. Bibi Ethel, mama wa Veridiana, alipita akitikisa tawi moja moja. Hakuna lililolegea.

Nyumba ilikuwa ya kina Veridiana. Mikorosho ilikuwa ya kina Veridiana. Miaka sita iliyopita Veridiana alipofariki, wajomba zake walimpa Nikolao heshima ya kuchagua mahali pa kumlaza.

"Nilichagua pembeni kabisa, chini ya minyaa," anasema, na panga linasimama. "Pale nyumbani uzio ndicho kitu pekee nilichoweza kusema hiki changu. Nikamlaza kwangu."

Arobaini ilipopita, alifunga nguo na panga lake, akarudi Lupaso kwa ndugu wa mama yake. Mjane wa kiume hana kiti tena ukweni.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa mtaa, Muharami, alikuja na futi na kamba. Kamba ilipovutwa, ilipita kati ya nyumba na kaburi. Veridiana akabaki upande wa barabara.

"Nilimwomba kona moja tu," anasema Nikolao. "Kamba izunguke, irudi."

Muharami anakumbuka alivyomjibu, na hapendi kukumbuka. "Baba Stella, nikikupa wewe kona ya kaburi, kesho mwenye duka ataniomba kona ya duka. Tutakuwa na barabara au na nyoka?"

Aliomba pia kumhamishia marehemu Lupaso. Wajomba wakakataa: mtoto wa ukoo hapelekwi ugenini.

Bodaboda anapunguza mwendo. "Mzee Niko, leo unamvua mkweo nguo?"

"Namvua. Basi wewe geuza uso."

Kijana anacheka, anaondoka. Nikolao hacheki. Kufikia saa nne shina la mwisho limelala, na kwa mara ya kwanza kaburi linaonekana kutoka barabarani: kilima kifupi cha udongo mwekundu, msalaba wa saruji, jina. Nguzo za seng'enge za uzio mpya zimekwisha kusimama nyuma yake. Mbuzi wawili wanapita, mmoja anapanda juu ya kaburi kana kwamba ni kichuguu. Nikolao anamfukuza kwa mpini wa panga, polepole.

Kanuni inaruhusu kitu kimoja: nje ya uzio mtu anaweza kupanda mimea isiyozidi goti, kwa kibali cha mtaa. Muharami ameshatia sahihi. Binti yake Nikolao, Stella, anayefanya usafi hospitalini Ndanda, ameleta miche ya maua meupe, imefungwa kwenye gazeti lililolowekwa.

"Sijawahi kupanda kitu kifupi," anasema Nikolao. "Minyaa ukishaipanda inajilinda. Hii inataka mtu. Nikiiacha miezi miwili ipite goti, wataing'oa, na watakuwa na haki."

Mpango wake ni kuja kutoka Lupaso kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na mkasi, maadamu jicho lililobaki linaona. Lakini kwanza anahitaji ruhusa nyingine, isiyotolewa na mtaa.

Anavua miwani, ananawa, anakwenda mpaka kwenye seng'enge. Bibi Ethel ameketi kibarazani, fimbo mapajani. Nikolao anachuchumaa, macho chini, kama alivyofanya siku ya posa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Baba Stella. Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama. Naomba niwe nakuja. Kukata yale maua tu, yasizidi. Nikikata naondoka."

Bibi Ethel anautazama mwanga mtupu pale palipokuwa na uzio.

"Njoo," anasema. "Ila usiyamalize yote siku moja. Yabakize ya kukurudisha."