Kiti Kilichokataa Kuinuka

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Songea alinunua gari lililokwishatumika, akaniita nimsaidie kushusha magunia ya mahindi. Tulipomaliza akakiinua kiti cha nyuma kilichokuwa kimelazwa, nacho kikaingia mahali pake, kwaa. Mlio mfupi tu, wa chuma kukutana na chuma. Nilijikuta nimeshika ukuta. Jirani akaniuliza kama nimeumia mgongo, nikasema ndiyo, kwa kuwa uongo huo ulikuwa mfupi kuliko ukweli. Ukweli nawaambia ninyi.

Baba yangu alikuwa na stesheni wagoni kuukuu, rangi ya maziwa yaliyoingia moshi. Tuliishi milimani, mbali kidogo na Mbinga mjini, na msimu wa kahawa gari lile lilinuka maganda yaliyochacha kiasi kwamba tukienda misa watu walijua tumefika kabla hawajatuona. Mama alikuwa mtu wa ziwani, wa Kihagara, Mwanglikana aliyekubali kuolewa na Mkatoliki. Kila likizo tuliteremka kwa mama yake tukala usipa, vile vidagaa vya ziwani, mpaka matumbo yakatuuma. Kiti cha nyuma kilikuwa mali yangu na mdogo wangu Luka. Kilikuwa na kishikio kidogo begani. Ukikivuta, mgongo wa kiti unalala, na kuanzia hapo hadi mlango wa nyuma panakuwa kama kitanda.

Luka alikuwa na miaka saba, mimi kumi. Siku tuliyokuwa tunarudi kutoka kwa Bibi alikuwa na homa, wala si kubwa, homa ya mtoto yeyote. Zahanati walikuwa wamempa dawa jana yake, na asubuhi alikunywa uji wake akaumaliza. Baba akakilaza kiti, Mama akatandika blanketi, Luka akajinyoosha. Mimi nikapakatwa na Mama mbele, nikifurahi kuiona barabara yote. Tulipoanza kupanda zile kona za mlimani, Mama aligeuka mara mbili kumwangalia. Alipotaka kugeuka mara ya tatu Baba akasema, “Mwache mtoto alale, Mama Edita.” Tukamwacha. Tulipofika nyumbani Mama akaenda nyuma kumwamsha.

Ya jioni ile sitayasema.

Kwetu msiba ukiingia, vitanda huachwa, watu hulala chini kwenye mikeka. Siku ya kuanua matanga mikeka hukunjwa, majivu ya moto wa msiba huzolewa, nyumba hufagiliwa hadi pembe za mwisho, ili marehemu ajue ameagwa. Tulifanya yote hayo. Ila gari halikuwepo. Baba alikuwa ameondoka nalo alfajiri kuwarudisha watu wa ziwani, na aliporudi wafagiaji walikuwa wamekwisha nawa mikono. Hakuna aliyelikumbuka. Jumapili iliyofuata Mama alijaribu kukiinua kiti, kikagoma.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kijiji kizima kilipata la kusema: gari la Baba Edita bado liko matangani, mtoto amelala humo, hajaagwa. Nami niliamini kuliko wote. Kila tulipopita kona kulikuwa na kitu kinagonga kule nyuma, ko, ko, polepole, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Sikugeuka hata mara moja. Nilikuwa namjibu moyoni: Luka, tumekaribia. Msinicheke. Hata Baba, mtu mzima, hakupakia kitu pale. Magunia ya kahawa aliyafunga juu kwenye keria, mengine akayabana kwenye kiti cha mbele, na ile sehemu ya nyuma ikabaki tupu, blanketi lile lile limetandikwa.

Mwaka haujaisha, Mama akawa mjamzito. Mimba hii haikuwa nzuri. Mwezi wa tano alitokwa damu, na mkunga wa kliniki akamwonya mbele yangu kwamba asithubutu kujifungulia nyumbani, apelekwe mjini mapema. Njia ya kumpeleka ilikuwa moja, gari lile, na Mama akaikataa.

“Sipandi gari lenye kitanda cha mwanangu,” alisema. “Inua kiti, nitapanda.”

“Kimekwama,” Baba akajibu.

Alikwenda kliniki kwa miguu, akipanda na kushuka kati ya mashamba ya ngolo, yale ya vishimo vishimo miteremkoni, mkono mmoja kiunoni. Mimi nilibeba mwavuli nyuma yake, nikihesabu mara alizosimama kupumua. Majirani walimsifu kwa ushupavu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tumbo lilipoingia mwezi wa nane, Mama mwenyewe alimwita fundi Komba, aliyekuwa akitengeneza mashine za kukoboa kahawa pamoja na kila chenye nati. Fundi akaingia kichwa mbele, tochi mdomoni, miguu ikabaki nje. Alikaa humo kwa muda mfupi sana. Alipotoka hakumtazama Mama, alimtazama Baba. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mikono ambayo haikuwa imechafuka.

“Hiki kinataka spea, mama,” akasema. “Mpaka iagizwe.” Chai aliyoandaliwa hakuinywa.

Niliona ajabu, kwa sababu fundi Komba hakuwa mtu wa kuacha chai. Mchana ule, Baba akiwa shambani, nilitambaa ndani ya gari. Ilinichukua muda kuthubutu. Nilimwomba Luka radhi, nikaingiza mkono chini ya kiti. Vidole vyangu vikakutana na waya. Ulizungushwa mara nyingi ukaunganisha kiti na pete ya sakafuni, ncha zake zimesokotwa kuelekea kushoto na kulazwa chini zisimchome mtu. Katika nyumba yetu mtu mmoja tu alisokota hivyo. Vichanja vyote vya kuanikia kahawa vilifungwa kwa msokoto ule. Pete yenyewe ilikuwa imelegea. Niliposukuma kiti iligonga bati, ko, ko.

Mngedhani nilipata nafuu. La, hofu yangu ndiyo kwanza ilianza. Ndugu yangu aliyekufa nilikuwa nimemzoea. Sasa ilinibidi nimwogope Baba, aliyekaa nasi mezani akisema “kimekwama” huku akimenya muhogo. Nilidhani amemfunga Luka mle ili asiondoke. Nilikaa na jambo hilo wiki mbili bila kumwambia mtu, na chakula kikanishinda.

Ndipo Bibi akapanda kutoka Kihagara. Alikuja na kopo la usipa, chupa ya maji ya ziwa na ufagio mpya. Baada ya shikamoo zetu hakutaka hata kukaa. “Gari hili halikufagiliwa,” alisema. “Kosa ni letu. Tunalifagia leo, mwanangu akajifungue salama.” Majirani watano sita wakajaa uani. Bibi akalikunja blanketi, akafagia pale juu pote akisali kwa Kinyasa, akanyunyiza maji, akamwita Luka kwa jina lake lote na kumwambia aende vizuri, babu yake anamsubiri. Mama alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Kisha Bibi akavuta kiti. Kikagoma. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka, kile kizee chembamba.

Mama akasema taratibu, “Basi. Kama hataki kunipisha, nitajifungulia hapahapa.” Akageuka kuingia ndani.

Nilimtazama Baba. Alikuwa amesimama kando ya tairi, macho chini. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja. Sikuwa na maneno ya kumwambia mbele ya watu, na kumwumbua baba yako hadharani ni kujivua nguo mwenyewe. Nikaenda stoo, nikarudi na plaizi aliyofungia vichanja. Nikamnyooshea.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akaipokea, akapiga magoti, akajipenyeza chini ya kiti. Tukasikia waya unakatika, tik, tik, tik. Alipotoka alikuwa ameushika mkononi, kila mtu akauona. Akakiinua kiti kwa mkono mmoja, kikaingia mahali pake. Majirani wakaondoka mmoja mmoja, wakijikumbusha shughuli ambazo hawakuwa nazo. Bibi akasema tu, “Pole, mkwe wangu.” Baba akaketi pale chini akalia, na mimi, sina haya kusema, nililia kwa kuwa chakula kingenipita kooni tena.

Siku nne baadaye alimpeleka Mama mjini, akazaliwa mdogo wetu Skola, mzima, na sauti ya kengele. Lakini Mama hakurudi tena kukaa mbele. Safari ile na zote zilizofuata, kwa miaka, alipanda nyuma na kukaa katikati ya kiti, nafasi ya mbele ikiwa wazi. Watu walisema hajamsamehe mumewe. Nami nilisema hivyo hivyo, na nilimwona ana haki.

Mwaka juzi nilimpeleka binti yangu shule ya bweni. Nikiwa njiani kurudi, peke yangu, nilitupa jicho kwenye kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, nikakiona kiti chake kitupu, kimesimama wima, kinanitazama. Mtoto ni mzima, nimemwacha na sanduku na biskuti, lakini ilibidi niegeshe gari. Hapo ndipo nilipomwelewa Baba, naye alikuwa kaburini mwaka wa sita. Luka alizoea kukaa katikati. Kiti kikiinuka, kioo kingemwonyesha Baba mahali pake kila kona, kila siku. Kikilala, kingemwonyesha barabara tu. Hakuwa amemfunga mtu. Alikuwa akitafuta namna ya kuendesha gari.

Sikufika kwangu siku hiyo. Niligeuza nikaenda Mbinga kwa Mama, nikamkuta anapepeta maharage. Nikamwuliza kama kweli miaka yote ile alikaa nyuma kwa hasira.

Hakuacha kupepeta.

“Hasira za nini?” akasema. “Ningekaa mbele, kwenye kioo angemwona nani?”