Waya Kuzunguka Mwarobaini

Sijui ni nani aliyewaambia watu wa Kanamkemer kwamba mwarobaini ulio nje ya geti langu ni mali ya umma. Niliupanda mwenyewe. Niliumwagilia maji ya kuoshea vyombo, tena maji yenyewe nilikuwa nikiyanunua kwa mtungi, na mbuzi niliwafukuza kwa mawe hadi bega likauma. Siku hizo hakuna aliyeuona. Ulipoanza kutoa kivuli, ndipo mtaa mzima ukaujua.

Mwenye homa alikuja kuchuma majani. Mwingine alibandua gome, eti ni dawa ya tumbo la mtoto. Vijana wa bodaboda nao wakaufanya stendi yao, wakavunja vijiti vya mswaki, wakapigilia misumari ya kutundikia helmeti. Misumari! Kwenye mti ulio hai!

"Jamani, mtauua huu mti," nikawaambia.

"Madam, mti ni ya Mungu," mmoja akanijibu, mswaki mdomoni, bila hata kuutoa.

Aliyenichosha kuliko wote ni mama yangu. Miguu yake haina nguvu tena, na nyumba yetu ya mabati ikifika saa nne asubuhi haikaliki. Kwa hiyo mchana kutwa alikaa nje kwenye kiti chake, chini ya mwarobaini. Kivuli kile ndicho kilichomweka hai, na kwa ajili yake niligombana na kila mtu. Na yeye je? Aliwaita wapita njia kwa salamu ya Kiturkana! "Ejok! Mbona umekonda hivyo? Chuma majani, chuma." Nikimkemea, ananitazama kana kwamba nimemnyima mtu maji ya kunywa.

Kazi yangu iko Kakuma, napika katika ofisi moja ya misaada. Huondoka Jumatatu alfajiri, hurudi Ijumaa, na jirani humpikia mama. Mwaka huu nikasema basi, yametosha. Nilinunua seng'enge nikauzungushia mti, nikaacha upenyo upande wa geti wa kupitisha kiti cha mama. Bodaboda nikawafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Wakasema "sawa, madam," wakahamishia pikipiki zao dukani, mbele kidogo. Nikapanda basi nikiwa na raha ya mtu aliyeshinda kesi.

Ijumaa nilipofika, mwarobaini ulikuwa umechipua majani mapya hadi chini kabisa. Kwa kweli ulipendeza. Lakini chini yake hapakuwa na kiti wala mama.

Nilimkuta ndani, amelala kwenye mkeka, kitambaa kibichi kifuani, midomo imepasuka. Joto la mle ndani lilinirudisha nyuma pale mlangoni. Nikamgeukia jirani kwa ukali: kwa nini hakumtoa nje wiki nzima?

"Mimi na huu mgongo yangu?" akasema. "Lini ulisikia nimembeba? Si ni hao vijana wa pikipiki? Asubuhi wanamtoa na kiti yake, jioni wanamrudisha. Nilitaka kuwaita, akakataa."

Hapo hasira zikanipanda upya. Duka lenyewe liko pale tu, ukipaza sauti wanasikia! Nikamuuliza mama ni ukaidi gani huu wa kutaka kufia ndani ya mabati.

"Wewe uliwafukuza," akanijibu kwa Kiturkana, polepole. "Mimi niwaite kwa uso gani?"

Nikaenda dukani. Njiani nilipanga ya kusema, na nilikuwa tayari kutukanwa. Hawakunitukana. Niliposema mama yuko ndani, waliacha soda zao na kunipita mbio. "Twende, Ata," walimwambia, wakimwita bibi kama wajukuu wake wa damu, wakamnyanyua na kiti chake. Mmoja alitoa koleo kwenye pikipiki akaanza kukata waya wangu. Nilitaka kumwambia kwamba upenyo upo, kwamba waya ni ghali.

Mama alipowekwa kivulini, alikunywa maji, akakaa kidogo kurudisha pumzi. Halafu akawashika vijana wale mikono, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba msamaha kwa ajili yangu. Aliwaambia wanivumilie, mimi bado mtoto, nitajifunza. Nami nilikuwa nimesimama palepale, na mvi zangu kichwani.