Kisanduku cha "Unatafuta Nini?"

Mimi nilijidai mjuzi. Niseme hivyo mapema, maana najua nikianza kueleza nitajitetea.

Shangazi yangu alikuwa na duka la vitenge Kibondo mjini, fremu moja tu, na fremu hiyo ndiyo iliyonisomesha. Wateja wake wakubwa walikuwa akina mama wa Kirundi wa kambi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa, wakatawanyika, duka likapooza. Akanipigia Kasulu, ninakotengeneza tovuti za watu.

"Mwanangu, si unasema siku hizi watu wananunua kwa simu? Nifanyie na mimi. Hili duka likifa, sina kingine."

Nikafanya kwa moyo wote. Herufi kubwa, picha nyepesi zisimalize bando, vitufe vichache. Namba ya shangazi sikuiweka. Nilitaka mteja amalize mambo yake mwenyewe bila kumpigia mtu. Juu kabisa nikaweka kisanduku cha kutafutia bidhaa, ndani yake nikaandika: Unatafuta nini? Nilijipongeza kwa kisanduku hicho, nakwambia! Kisha nikaisambaza tovuti, yenye jina la duka la shangazi, kwenye magrupu ya wasapu, hata ya akina mama wale wa kambini.

Miezi ikapita. Watu waliingia, nilikuwa nawaona, lakini oda hakuna. Nikabadilisha rangi. Nikahamisha kitufe cha kununua. Kila nikimpigia shangazi, swali ni lile lile: "Hakuna hata aliyeniulizia?" Namjibu, bado. Mwisho akachoka, akarudisha fremu kwa mwenye nyumba, na vitenge vilivyobaki akavibeba nyumbani kwenye viroba.

Wiki hiyo hiyo nikakaa kuifunga tovuti. Kabla ya kufuta, nikafungua orodha ya maneno ambayo watu waliandika kwenye kisanduku. Sikuwahi kuigusa hata siku moja. Jamani!

"Shikamoo mama, habari za siku nyingi."

Mwingine alianza kwa salamu ya Kirundi: "Mwakeye mama. Kile cha ndege wa bluu bado kipo? Nipunguzie kidogo."

"Mama ni mimi wa Mtendeli, mwenye mapacha. Tulifika Burundi salama. Dada yangu yuko Kasulu, mwekee doti mbili."

Mwingine aliandika mara tatu. Mara ya tatu aliuliza kama mama anaumwa.

Huku kwetu nani ananunua kitenge bila kusalimia? Nimekulia nyuma ya meza ya duka lile, nikasahau. Kisanduku kimeuliza, watu wamejibu kwa adabu waliyolelewa nayo. Na kila mmoja tovuti ikamrudishia maneno niliyoyachagua mimi: Hakuna kilichopatikana.

Nilikwenda Kibondo kumwambia, nimejikasirikia. Nikamsomea yote sebuleni, viroba vya vitenge vimepangwa ukutani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wapigie basi. Waambie nipo."

"Kisanduku hakitunzi namba, shangazi. Siwezi kuwapata."

Akauliza yule aliyedhani anaumwa alijibiwa nini. Nikamfungulia jibu lile kwenye simu. Akavaa miwani, akanichukulia simu mkononi, akasoma mwenyewe polepole, kwa sauti: "Hakuna kilichopatikana."

"Lakini nilikuwepo, mwanangu," akasema. "Kila siku nilikuwa nimekaa pale pale."