Matanga Yaliyolinda Mivumu

Enzi zetu, mtu hakupanda gari ili aende kutembea. Siku hizi Jumamosi asubuhi nawaona vijana wa Bujumbura, fulana za rangi moja, chupa za maji kiunoni, wakipakiwa kwenye basi kwenda mbali msituni kutazama miti mikubwa. Wakifika wanaipiga picha, wanajipiga picha, kisha wanarudi wamechoka kwa kukaa. Sisi miti mikubwa tulikuwa nayo nyuma ya nyumba, na hakuna aliyetupongeza.

Ilikuwa mivumu, ile miti ambayo wazee wa zamani walibandua magome yake kutengeneza nguo. Ilisimama juu kidogo ya mtaa wetu wa Mutanga Nord, safu mbili, imepandwa na watu ambao hata babu zetu hawakuwajua. Tulishikana mikono watoto wote wa mtaa kuuzunguka mti mmoja. Katikati ilipita njia tambarare, laini, yenye harufu ya majani mabichi na matunda yaliyooza. Kaka yangu Evariste, ambaye polio ilimwachia miguu isiyosimama, alipita hapo kwenda shule kwa baiskeli yake ya mikono, akipiga kengele kuwafukuza mbuzi kama waziri anayechelewa mkutano. Kwingine kote mtaani kulikuwa na mawe na mitaro. Bila ile njia, asingesoma.

Vita vilikuwa vimeanza. Mama alitufundisha kutembea upya: "Pole pole! Askari akikuona unakimbia, anafikiri umefanya kitu." Basi hata tukichelewa shule tulikwenda taratibu kama watu wanaofuata komunyo.

Ndipo chefu, mkuu wa mtaa wetu, mtu wa suti ya kijivu na Kifaransa kingi, alipotangaza mkutanoni kwamba mivumu inashirikiana na waasi, kwa kuwa mtu anaweza kujificha nyuma yake. Mama Furaha, jirani yetu kutoka Uvira, Kongo, aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, akainua mkono.

"Chefu, na nyumba yako mutu anaweza kujificha nyuma. Tuivunje lini?"

Watu wakacheka. Evariste hakucheka. "Mukikata, mvua itabeba njia. Mi nitapita wapi?"

"Utapita barabarani kama wengine," chefu akasema, akafunga mkutano.

Wakataji walipokuja na misumeno walitukuta tumekaa mikekani chini ya miti. Fundi Saidi, aliyeunda ile baiskeli, alikuwa amefariki. Mtaani kwetu, uwe Mwislamu au Mkristo, matanga yakiwapo hakuna anayepiga jembe wala shoka. Chefu hakumwogopa Mungu wala waasi, lakini alimwogopa mama yake mzazi, na mama huyo alikuwa pale pale mkekani.

"Tungoje yaishe," akasema.

Hayakuisha. Waislamu walikuwa na arobaini yao, Warundi na matanga yao marefu, Wakongo na ya kwao, nasi tuliyaunganisha kama shanga. Vita vilitusaidia: wafu hawakukosekana. Na walipokosekana, Mama Furaha alimlilia shangazi yake wa Uvira. Alimlilia vizuri sana, hata chefu akaleta sukari. Kwa bahati mbaya shangazi huyo alikuja kusalimia ndugu, mnene, mwenye afya, akajitambulisha kwa chefu mwenyewe na kumuuliza njia ya kwa Mama Furaha.

"Jumatatu tunakata," chefu akasema. "Hata afe nani."

Jumamosi Evariste alikwenda sokoni kununua kalamu. Guruneti likatupwa. Walimrudisha kwa kupita kati ya mivumu, baiskeli ikisukumwa tupu nyuma yake.

Jumatatu chefu alikuja na wakataji wake. Akasimama ukingoni mwa mkeka, akamwinamia Mama Furaha, akanong'ona: "Na huyu, ni kweli?"

Aliyemjibu ni mama yangu. "Ni kweli, Chefu. Kaa."

Akavua viatu, akakaa.

Kwa desturi yetu iko siku ambayo ukoo unakutana, unakunywa pamoja na kuyamaliza matanga. Mama hakuipanga siku hiyo. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, ndugu wakamsihi. "Bado," alisema tu. Na mivumu ikasimama mpaka vita vikaisha.

Kisha ikaja amani, na pamoja nayo watu wenye elimu. Walimweleza mama kwa upole kwamba huzuni ina muda wake, na kwamba mtaa unahitaji viwanja vya nyumba nzuri kama za Kiriri. Walikata kwa mashine, asubuhi moja tu. Mvua za mwaka huo huo zikaibeba njia, na leo pale ni korongo.

Wanangu huniuliza kama enzi zetu zilikuwa nzuri. Siwadanganyi. Tulizika mno. Lakini mtu alipokufa, hata msumeno ulinyamaza. Juzi tulikuwa matangani kwa jirani. Ng'ambo ya ukuta mafundi walikuwa wakijenga ghorofa, na nyundo zao hazikupumzika hata tulipokuwa tukisali. Hakuna aliyegeuza kichwa.