Sehemu ya Tano Imechomwa

Kitabu kimoja, wasomaji wanne, na muda wa chakula ni nusu saa. Wewe ungefanya nini? Waruguru wa kubandika lebo alichukua kisu cha kukatia maboksi, akakipasua kitabu vipande sita na kufunga kila kipande kwa raba. Ndivyo riwaya zinavyosomwa nyuma ya stoo ya kiwanda kimoja cha matunda kule Eneo la Viwanda, Thika. Ukimaliza chako unampa mwenzako, halafu mnabishana hadi kengele ilie.

Mutheu, mpanga makopo, alikuwa likizoni kitabu kilipoanza, kwa hiyo aliporudi alipewa kipande ambacho hakikuwa na msomaji, cha sita. Basi akajua mwisho kabla ya mwanzo. Binti anayeitwa Sera, aliyefukuzwa na babake, anarudi nyumbani baada ya miaka tisa. Baba anamwonyesha kiti, naye anaketi. Kwisha.

Mutheu alikasirika, tena sana. Alisema huyo mwandishi hajawahi kufukuzwa hata na kuku. Wenzake walijua habari yake: mzee Kilonzo, babake, alimfungia geti akiwa na mimba, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwao Matuu. Sasa mzee alikuwa amepiga simu mara mbili kumwomba aje Jumamosi. Mutheu hakuwa amemjibu.

Lakini udadisi ni kiroboto, ukiingia nguoni hulali. Alisoma cha kwanza hadi cha nne kwa siku tatu, akitaka kujua kitu kimoja tu: ni nini kilichomfanya Sera akubali kile kiti? Jibu lilikuwa kwenye cha tano, na cha tano kilikuwa kwa Kagwe, mpakiaji, kwake Murera.

Ijumaa Kagwe alikuja akijikuna kichwa. Mamake aliona karatasi chafu zisizo na jalada, akawashia jiko la kupikia githeri.

Wah! Mutheu alikaribia kulia. Akawaomba wenzake wamsimulie, kwani wote walikuwa wamekisoma. Waruguru, ambaye mumewe yuko ng'ambo na haandiki, aliapa kwamba baba alituma barua ya kuomba msamaha. Lynn wa kwaya akasema hakuna cha barua, Sera alisamehe kanisani. Kagwe, anayegombania ploti na ndugu zake, alikumbuka vizuri kabisa kwamba mzee alikuwa amemwandikia Sera kipande cha shamba. Walibishana mpaka chai ikapoa, na Mutheu akabaki pale pale alipokuwa.

Jumamosi alikwenda Matuu. Hakwenda kusamehe, alijiambia hivyo njia nzima. Alitaka kuona tu.

Mzee alifungua geti mwenyewe. Alikuwa amekonda. Akamwonyesha kiti cha plastiki barazani, Mutheu akasema yuko sawa. Akasimama na mkoba begani, akingojea neno la kuomba msamaha. Mzee alizungumza juu ya mvua, juu ya pojo zilizoliwa na wadudu, juu ya mbuzi aliyezaa mapacha. Akauliza mtoto yuko darasa la ngapi. Alipoambiwa la tatu alitazama chini, kisha akarudia mambo ya mbuzi. Lile neno hakuwa nalo, na Mutheu aliona wazi kwamba hatakuwa nalo kamwe. Jua lilikuwa kali, na viatu vilimbana.

Jumatatu, nyuma ya stoo, ubishi wa barua na kanisa na shamba ulianza upya. Mutheu aliwaacha waseme wote, akafunga mkebe wake wa chakula.

"Hakukuwa na barua," akasema. "Wala shamba. Sera alichoka kusimama."